Mwacheni Shujaa Adanganyike

Nina ugomvi na sentensi moja fupi. Nimeikuta katika riwaya tatu ninazozisoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na nimeisikia kwa sikio langu mwenyewe, kwenye simu, saa nne usiku, kutoka kwa mtu aliyekuwa akisubiri makala ya mechi. Sentensi yenyewe ni hii: "Nilijua tangu mwanzo."

Nianze na riwaya. Kama hujawahi kushika riwaya za kihistoria za mapenzi za Kiingereza, ujue kwamba zina kisa kimoja kinachopendwa mno. Msichana ana shida. Anakimbia ndoa ya kulazimishwa, au familia yake inasakwa na serikali, au hana mtu duniani. Anakata nywele, anajifunga kifua kwa kitambaa, anavaa suruali na koti, anatoka nje. Huko nje anagundua kwamba kumbe barabara haina mwenyewe: unaweza kuipita usiku, unaweza kuingia ukumbi wa watu wanaocheza karata, unaweza kukaa kimya bila mtu kukuuliza mbona umenuna. Kisha anatokea mwanamume. Kisha mapenzi.

Bingwa wa kisa hiki ni Georgette Heyer, Mwingereza aliyezaliwa 1902 na kufariki 1974. Riwaya yake ya kwanza niliyoisoma niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta, shilingi 3,000, haina jalada, kurasa za mwisho zimelowa chai ya mtu. Niliimaliza usiku uleule. Kesho yake nikaianza tena. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sina chuki na vitabu hivi. Ninavipenda kiasi cha kumwomba msimamizi wangu anikubalie niandike juu yake, naye akanitazama kama mtu aliyeomba kuandika tasnifu kuhusu pipi.

Lakini hebu tazama wanachofanya.

Katika These Old Shades, iliyotoka 1926, Duke wa Avon anatembea usiku katika mitaa ya Paris, enzi ya Louis wa 15. Mtoto mwenye nywele nyekundu anamgonga akimkimbia kaka yake anayempiga. Duke anamnunua papo hapo, kwa kito cha thamani alichokuwa amekivaa. Mtoto anaitwa Léon. Anakuwa mtumishi wake, anasimama nyuma ya kiti chake kwenye nyumba za kamari, anaandamana naye hadi Versailles. Baadaye sisi wasomaji tunaambiwa kwamba Léon ni Léonie, na tunashangaa kidogo. Duke hashangai hata chembe. Alijua tangu mwanzo.

Katika The Corinthian, ya 1940, Pen Creed, msichana wa miaka 17, anashuka kutoka dirishani kwa mashuka aliyoyaunganisha, amevaa nguo za kiume, anakimbia kuozwa kwa binamu yake. Chini barabarani anapita Sir Richard Wyndham, miaka 29, amelewa. Nasisitiza: amelewa, ni usiku, na ni London ya zaidi ya miaka 200 iliyopita. Hata hivyo anatambua pale pale kwamba huyu si mvulana.

The Masqueraders, ya 1928, ndiyo bora kuliko zote mbili na ndiyo inayoniudhi zaidi. Prudence na ndugu yake Robin wanajificha baada ya kushindwa kwa uasi wa 1745, ule wa kutaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha enzi cha Uingereza. Wamebadilishana: yeye aliye mrefu ni Bwana Peter Merriot, na Robin mwenye umbo dogo ni Bibi Kate. Prudence anajua kutumia upanga. Anacheza karata na wanaume, anakunywa nao, hababaiki. Siku moja mtu mmoja anamtaka wapigane kwa panga, naye anakubali. Anajiandaa. Nami nilijiandaa, nikakaa sawa kitandani. Halafu Sir Anthony Fanshawe, bwana mkubwa wa umbo, mwenye macho ya usingizi, ambaye kila mtu anamdhania mzito wa akili, anamchokoza yule mtu kabla ya siku kufika, anapigana naye yeye, anamjeruhi. Pambano la Prudence limeisha kabla hajachomoa upanga. Na bila shaka umeshakisia: baadaye Sir Anthony anamwambia kwamba ameshamtambua.

Watatu kwa watatu. Hakuna aliyedanganyika. Msichana amehatarisha shingo yake, amekesha akijifunza kutembea na kukaa na kucheka kama mwanamume, na kazi yote hiyo imewapumbaza watu wote mjini isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye atakayemwoa.

Kulikuwa na wakati ambapo wanaume wa hadithi walidanganywa vizuri tu, na mapenzi hayakufa. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akiwa rais, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare aliyoiita Mabepari wa Venisi. Watu hukumbuka ratili ya nyama. Mimi hukumbuka kwamba mtu anayeimaliza kesi ile ni mwanamke, Portia, aliyevaa kama mwanasheria, na kwamba mume wake Bassanio amesimama hatua chache kutoka kwake asimtambue. Wameoana juzi. Anamtazama usoni, anasikia sauti yake, hajui. Mbele yake anatamka kwamba angekuwa tayari kumtoa mkewe ili amwokoe rafiki yake. Portia anasikia. Kesi ikiisha anamwomba pete, ileile aliyomvisha na kumwapisha asiivue kamwe, naye baada ya kusitasita anamtumia. Kule nyumbani Portia ana la kumwambia.

Orsino katika Twelfth Night hajui. Anamfanya Viola tarishi wake wa mapenzi, anamfungulia moyo kuhusu wanawake, akiamini anaongea na kijana wa kiume. Tuje karibu na pwani yetu: katika Alfu Lela u Lela, Zumurrud anavaa kiume na kutawazwa kuwa mfalme, na mpenzi wake Ali Shar anapoletwa mbele ya kiti cha enzi, anatetemeka. Hajui kwamba anayemtetemekea ni mpenzi wake. Zumurrud anamchezea shere hadi atosheke. Na lile shairi la kale la Kichina kuhusu Mulan, ambalo watu wengi wanalijua kupitia katuni ya 1998: katika katuni siri inafichuka Mulan anapojeruhiwa na kutibiwa. Katika shairi hakuna anayeifichua. Wenzake wameishi naye vitani miaka 12, na wanajua siku anayotaka wajue, anapovaa nguo zake za zamani nyumbani kwao na kutoka nje kuwaonyesha.

Kwa hiyo hadithi za zamani hazikuwa na tatizo na mwanamume asiyejua. Tatizo limekuja na riwaya ya mapenzi ya karne ya 20, ambayo haivumilii shujaa wake aonekane mjinga hata kwa dakika moja, wala haivumilii kwamba labda moyo wake ulishtuka kwa ajili ya mtu aliyemdhania mvulana. Kumfanya ajue tangu mwanzo kunafuta aibu zote mbili kwa mpigo. Gharama yake analipa msichana.

Sasa nieleze gharama hiyo, maana niliwahi kuilipa.

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilikuwa na ada ya nusu. Nusu nyingine ilikuwa inatafutwa. Kaka yangu aliniunganisha na tovuti moja ya michezo iliyokuwa inanunua uchambuzi wa soka, shilingi 15,000 kwa makala. Ukweli ni kwamba waliomtaka ni yeye. Yeye hana subira ya kuandika hata ujumbe wa pole, ila alikuwa na jina, na jina lilikuwa la kiume. Mimi ndiye niliyekaa na babu miaka yote kando ya redio, nikajua nani aliwahi kuchezea Simba kabla ya kwenda Yanga na kwa nini mashabiki hawakumsamehe. Tukakubaliana. Jina lake, namba yake ya simu kwa ajili ya malipo, vidole vyangu. Picha kwenye makala ilikuwa yake, amevaa miwani ya jua.

Niliandika kwa miezi saba. Hakuna aliyeshuku, na hapa lazima nikishukuru Kiswahili. Mwingereza akitaka kuandika kuhusu Léon aliye Léonie, kila sentensi inamdai: huyu ni wa kiume au wa kike? Atumie kiwakilishi kipi? Kiswahili hakikudai. Alikimbia, alipiga, alikosa, alilia. Unaweza kuandika kurasa 300 na sarufi isikusaliti. Nilijaribu kutafsiri sura mbili za These Old Shades kwa ajili ya semina, na nikagundua kwamba Léonie angekuwa salama zaidi kwetu kuliko alivyo katika lugha aliyoandikiwa. Kinachomsaliti mtu kwetu ni maneno machache tu, dada, kaka, bibi, bwana, na kitenzi kimoja ambacho nitakirudia baadaye.

Nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la waandishi wa tovuti ile. Tulikuwa kumi na mmoja, "timu kamili" kama mhariri alivyopenda kusema. Nilikuwa "kamanda", nilikuwa "mwanangu", nilikuwa "mzee". Nilipomsahihisha mtu kuhusu fainali fulani ya zamani, nilijibiwa, "Huyu jamaa ni maktaba." Sijawahi kuitwa maktaba kabla wala baada ya hapo. Ninapotoa hoja hiyohiyo mbele ya mashabiki wa mtaani kwetu, huulizwa kwanza kama naijua sheria ya kuotea.

Suruali yangu, basi, ilikuwa jina. Na nililojifunza ndani yake silo lile ambalo riwaya hizi zinatuambia. Zinatuambia raha ya kujigeuza ni kupanda farasi bila kuketi upande, kutembea usiku, kuruka ukuta. Zina haki, Pen Creed barabarani ana furaha ya kweli na hakuna atakayeninyang'anya kurasa zile. Lakini jambo kubwa zaidi ni kusikia. Ukiwa ndani ya nguo zile, watu husema mbele yako yale wanayosema ukiwa hupo.

Nilisikia. Siku moja dada mmoja alituma makala ya majaribio kuhusu ligi ya wanawake. Mhariri aliiweka kundini, akauliza, "Tumfanyeje huyu?" Yaliyofuata siyaandiki yote. Lililobaki kichwani ni la mhariri mwenyewe, kwamba mwanamke akiandika mpira ni kama mpishi anayesoma mapishi, anajua majina ya viungo ila hajawahi kuonja. Wakacheka. Walicheka kwa vikaragosi vile vya kulia machozi, mstari mzima. Mimi nikatuma kimoja. Ninakiri. Kimoja tu, cha tabasamu, ili nisionekane.

Portia alisikia mume wake akimtoa sadaka, na alikuwa na mahali pa kulipeleka alilosikia. Viola alisikia Orsino akidai kwamba moyo wa mwanamke hauwezi kubeba mapenzi makubwa kama yake, na akamjibu papo hapo. Hicho ndicho ambacho shujaa anayejua tangu mwanzo anakinyang'anya. Kama Sir Richard anajua kuanzia dirishani, basi hasemi kitu chochote mbele ya Pen ambacho asingemwambia msichana. Kila neno limechujwa. Pen amevaa suruali lakini amebebwa barabara nzima ndani ya ukumbi wa wageni. Hajaiona nchi ya wanaume hata siku moja. Ameona ile sehemu aliyoonyeshwa.

Siri yangu ilivunjwa na laini ya simu. Kaka alipata kazi Mwanza, simu yake ikaibiwa stendi, malipo ya makala mbili yakawa yamekwama. Nilikuwa na deni la chumba. Nikampa mhariri namba yangu, nikasema ni ya dada yangu, tutumie hiyo kwa muda. Ukituma pesa kwa simu, jina la mwenye laini linatokea, kila mtu anajua. Likatokea jina langu lote, majina matatu. Hilo peke yake lisingekuwa neno, ila mhariri alikumbuka kuwa jina hilo lilikuwa limeshamfikia: ndilo lililoonekana kama mwandishi wa faili katika makala zangu zote, pale kwenye taarifa za hati ambapo sikuwahi kufikiria kupafuta. Sir Richard alihitaji dirisha na mbalamwezi. Wangu alihitaji muamala wa 30,000.

Akapiga simu. Nikapokea, maana nilidhani anataka makala. Kimya kidogo. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeshinda bahati nasibu, akasema, "Nilijua tangu mwanzo."

Hakujua. Nina ujumbe wake wa miezi saba. Mtu anayejua hamwambii mwanamke aliyo kuwa akiniambia, hamtumii zile video, hamwombi ushauri wa namna ya kumkwepa mchumba. Lakini tuseme alijua. Hapa ndipo riwaya na maisha yangu vinapokutana, na hapa naomba wapenzi wa Heyer wenzangu wanisikilize vizuri. Kama alijua, basi yale ya mpishi na viungo aliyasema akijua nipo. Kama Duke wa Avon alijua tangu ule usiku wa kwanza, basi alimweka msichana wa miaka 19 miongoni mwa watumishi wa kiume na kumburuza kwenye nyumba za kamari za Paris akijua ni msichana, akamwacha aishi kwa hofu ya kugunduliwa huku mgunduzi ndiye anayemmiminia divai. Tunafundishwa tuite hilo upole. Mwanamume wa karibu miaka 40 anashikilia siri ya mtu mwingine mkononi na kuichezea hadi siku inayomfaa yeye. Ama anadanganya kwamba alijua, ama alijua, na sioni ni lipi kati ya hayo mawili la kumpenda mtu.

Na angalia sentensi hiyo inafanya nini mara inapotamkwa. Miezi saba ya kazi yangu iligeuka, kwa maneno matatu, kuwa ruhusa yake. Sikuwa tena mtu aliyewapumbaza watu kumi. Nilikuwa mtoto aliyechezewa mchezo na mkubwa mwenye moyo mzuri. Wiki iliyofuata alinipangia safu mpya: wake na wachumba wa wachezaji. Shilingi 10,000. Alisema safu hiyo "inaendana na wewe". Niliandika mbili, nikaacha.

Ninayeishi naye chumba kimoja, msomaji mkali kuliko mimi, hakubaliani nami. Tumebishana hadi majirani wakagonga ukuta. Hoja yake ni kwamba naikosa raha yenyewe. "Hawasomi ili wamdanganye mwanamume," aliniambia. "Dunia nzima inamdanganya na kumdanganyikia. Wanasoma ili awepo mtu mmoja anayewaona." Ni hoja nzito. Kila mmoja wetu anatamani mtu ambaye utavaa gunia na bado atakujua. Na akaongeza jambo ambalo sikuweza kulijibu mara moja: kwamba msichana wa miaka 17 peke yake barabarani, karne ya 19, yuko katika hatari ambayo mwandishi hawezi kuipuuza, na shujaa anayejua ni ulinzi.

Nimefikiria tangu siku ile. Kuhusu ulinzi, namwambia kwamba wanawake wa kweli waliofanya jambo hili hawakuwa na Sir Richard, na wapo waliorudi. Hannah Snell, Mwingereza, alijiandikisha jeshini kwa jina la James Gray, akaenda India, akajeruhiwa kwenye vita vya Pondicherry mwaka 1748. Kitabu kilichochapishwa 1750 kuhusu maisha yake kimetiwa chumvi, hilo linajulikana, lakini kinachonivutia ni jinsi siri inavyotoka. Ni yeye anayeitoa, London, akiwa na wenzake, safari imeisha. Kisha akapanda jukwaani na sare yake kulipwa na watazamaji, na akaomba malipo ya uzeeni ya askari, akayapata, kutoka Hospitali ya Kifalme ya Chelsea. Alisema mwenyewe, alipotaka, kwa bei.

Na kuhusu kuonwa: ndiyo, nataka kuonwa. Lakini mtu anaonwa anapojionyesha. Bassanio pia anamwona Portia mwishoni, tena anamwona mzima zaidi kuliko Duke anavyomwona Léonie, kwa sababu amelazimika kujifunza kitu asichokijua kuhusu mtu aliyelala naye nyumba moja. Ameaibika kwanza. Sijui kwa nini tumeamua kwamba mwanamume akiaibika kidogo hawezi kupendwa. Wanawake katika riwaya hizi wanaaibishwa kila baada ya sura tatu na tunawapenda.

Kuna jambo moja niliwahi kulikuta maktaba likanifanya nicheke peke yangu, hadi mlinzi akaja kuangalia. Ile The Masqueraders, yenye London ya karne ya 18, vilabu, panga na mawigi, iliandikwa hapa. Mume wa Heyer, mhandisi wa madini, alikuja kufanya kazi Tanganyika mwaka 1926, naye akamfuata mwaka uliofuata. Waliishi porini katika kibanda cha mabingobingo. Hakuwa na vitabu vyake vyote vya rejea, na inasemekana alikosea jambo moja tu la kihistoria katika riwaya nzima, mwaka wa kufunguliwa kwa klabu ya White's. Inaelezwa pia kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kizungu ambaye watumishi wake walipata kumwona.

Watumishi hao nimewafikiria sana. Majina yao hayamo katika maelezo niliyoyasoma. Bibi ameketi kwenye kibanda cha nyasi, katika koloni, anaandika kuhusu mwanamke anayepata uhuru kwa kuvaa nguo za watu wenye nafasi, na mlangoni amesimama mtu anayesubiri aambiwe chai iletwe. Prudence anaweza kuvua suruali na kubaki na ukoo, jina na mali. Kisa kizima kinaishia kwenye kuthibitisha kwamba ni mtoto wa watu wakubwa. Léonie vilevile: mtumishi wa Duke kumbe ni binti wa bwana mkubwa wa Ufaransa aliyebadilishwa siku ya kuzaliwa. Heyer aliweza kuwaza kwamba mvulana anayemimina divai ni msichana. Hakuweza kuwaza kwamba mvulana anayemimina divai ni mvulana anayemimina divai, na anasikia kila kitu. Hapo mimi na yeye tunaachana, ingawa vitabu vyake bado viko juu ya rafu yangu, juu kabisa.

Haki yake moja nimpe. The Corinthian inamalizika na Pen bado amevaa nguo za kiume, anakumbatiwa na kubusiwa na Sir Richard katikati ya barabara, na abiria wa gari la farasi lililosimama wanatoa macho: wao wanaona bwana mzima akimbusu kijana. Hawajui. Hatimaye kuna watu wasiojua, na Heyer anawacheka, na ni ukurasa mzuri kuliko yote aliyoandika juu ya jambo hili. Laiti angemweka Sir Richard garini pamoja nao kwa nusu saa tu.

Niliahidi kurudi kwenye kitenzi. Nilipokuwa natafsiri, nilikuwa na mpango wa kumficha Léonie hadi mwisho. Kiswahili kingeniruhusu: mtoto, kijana, mtumishi, a- hii na a- ile. Nikapiga hesabu ni wapi nitakwama, nikaona ni kwenye ndoa. Tunaweza kusema "walioana" na kujificha kidogo zaidi, lakini ukitaka kusema habari ya mmoja wao, lugha inakugeukia na kudai jibu: ameoa, au ameolewa? Mtendaji au mtendwa. Kurasa 300 hakuna aliyeuliza, na swali linakuja pale ambapo riwaya za mapenzi zote zinaelekea. Katika rasimu yangu sentensi hiyo bado ina pengo, na nimeliwekea rangi ya njano.

Mrusi Nadezhda Durova, aliyezaliwa 1783, alikuwa ameshaolewa. Aliacha mume na mtoto mwaka 1806, akavaa sare ya wapanda farasi na kupigana na majeshi ya Napoleon. Mfalme Alexander wa Kwanza alipopata habari alimwita, akampa nishani na ruhusa ya kuendelea, na jina la kiume linalotokana na lake mwenyewe, Alexandrov. Alistaafu akiwa ofisa mwaka 1816, na hadi kifo chake 1866 alitaka aitwe kwa jina hilo, kwa hiyo hata neno "kujigeuza" sina uhakika kwamba ni halali kwake. Alipoandika kumbukumbu zake alimpelekea Pushkin, aliyekuwa na jarida. Aliomba zitoke kwa jina la Alexandrov. Pushkin alizipenda, akachapisha sehemu yake mwaka 1836, akaweka wazi jina la Durova. Alipolalamika, alimtia moyo tu. Ninampenda Pushkin kama mtu yeyote aliyesoma fasihi anavyompenda, na niliposoma hayo nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo.

Wahariri, jamani.

Wangu amenitafuta tena wiki iliyopita. Msimu unaanza, dabi ya Kariakoo inakaribia, na wasomaji, anasema, wanauliza yule mchambuzi mwenye miwani ya jua ameenda wapi. Anaomba nirudi, kwa lile jina la kaka, na ile picha. Akamalizia na kikaragosi cha kukonyeza. Bado nadaiwa ada ya muhula mmoja, kwa hiyo sikujibu kwa hasira. Nimemwandikia kwamba dabi naiweza, kwa jina langu, majina matatu kama yalivyotokea kwenye simu yake, na kwamba kwa jina la kaka ni shilingi 60,000, zitangulie. Alama mbili za bluu zimetokea tangu Jumanne.